Meno ya Mwenzake: Kuwasoma Simbilisi Wanaposafishana

Simbilisi wako akitoka kipara kidogo begani au nyuma ya sikio, usikimbilie duka la agroveti kwanza. Mlete kwenye mwanga, yapanue manyoya kwa vidole, utazame kama nywele zimeng'oka zote au zimekatwa zikabaki vishina vifupi. Kisha jiulize swali moja tu: hapo mahali penyewe, anaweza kupafikia kwa meno yake? Kisogo, bega la juu na paji la uso hawezi. Kama vishina vipo na ngozi chini yake ni safi, basi aliyezikata nywele hizo anaishi naye, anakula naye, na huenda jana jioni ulimwona amemsogezea mdomo shingoni ukamwita mtoto aje kuona wanavyopendana.

Simbilisi ni yule mnyama mdogo asiye na mkia, mnene wa shingo, mwenye uzito wa kilo moja hivi akikomaa, ambaye husikika kabla hajaonekana. Mlango wa jikoni ukifunguliwa asubuhi, hupiga mluzi mkali akidai majani. Katika nyumba za Nyeri, kuanzia Kamakwa hadi Ruring'u, na katika miji mingine inayouzunguka Mlima Kenya, mnyama wa kwanza wa mtoto amekuwa sungura tangu zamani, akijengewa kibanda cha mabanzi na waya wa kuku nyuma ya jiko. Simbilisi ni wachache kuliko sungura, na maarifa kuwahusu ni machache zaidi. Anayemfuga huazima aliyoyajua kwa sungura. Sungura akikosa jibu, huazima kwa nyani.

Hilo la nyani halishangazi. Anayeishi ukingoni mwa msitu wa Aberdare au wa Mlima Kenya amewaona tangu utotoni: mmoja amelala kifudifudi, mkono ameunyoosha, mwenzake amechuchumaa akimpekua manyoya kwa vidole, anaokota kitu na kukitia mdomoni. Picha hiyo imetukaa. Tukisikia kwamba wanyama fulani husafishana, tunaona vidole, utulivu na mapenzi, kisha tunaibeba picha hiyo hadi kwenye kibanda cha simbilisi, ambako inatupotosha.

Tuwape nyani haki yao kwanza, maana jambo hili limechunguzwa sana hapa hapa nchini. Amboseli, ambako nyani wamekuwa wakifuatiliwa tangu mwaka 1971, mtafiti Mkenya Mercy Akinyi na wenzake walichapisha mwaka 2013 kazi iliyoonyesha kwamba nyani anayesafishwa zaidi na wenzake hubaki na kupe wachache, na mwenye kupe wachache ana chembe nyekundu nyingi zaidi katika damu yake. Hiyo ni tiba. Lakini haikuishia kwenye tiba. Katika Amboseli hiyo hiyo, Robert Seyfarth na Dorothy Cheney waliwachezea tumbili sauti zilizorekodiwa za wenzao wakiomba msaada. Matokeo yao ya mwaka 1984 yanachekesha kidogo ukiyatafakari: kilio cha tumbili asiye ndugu kilisikilizwa kwa makini zaidi ikiwa mwenye kilio alikuwa amemsafisha msikilizaji muda mfupi uliopita. Ndugu wa damu walisikilizwa vilevile, wawe wamesafisha au la. Msomaji anayezijua siasa za kaunti zetu hatahitaji maelezo zaidi.

Upande wa Laikipia, Shirley Strum alianza kuwafuatilia nyani karibu na Gilgil mwaka 1972, na mwaka 1984 akayahamishia makundi yake huku juu, mashamba yalipoanza kuwabana kule chini. Kwa miaka mingi amesisitiza kwamba nyani dume hapati nafasi katika kundi kwa meno makubwa pekee. Hutangulia kutafuta marafiki, na urafiki huo hujengwa kwa kukaa karibu na kupekuana. Hata sokwe, ambao si wenyeji wa Kenya, wana hadithi kama hiyo karibu na Nanyuki. Hifadhi ya Sweetwaters, ndani ya Ol Pejeta, ilifunguliwa mwaka 1993 kuwapokea sokwe walioondolewa Burundi wakati wa vita. Wengi wa waliopokewa hapo tangu wakati huo ni mayatima wasio na ukoo, na imewabidi kujitengenezea jamaa kati ya wageni. Ukisimama ng'ambo ya uzio utaona ni kiasi gani cha siku kinachokwenda katika kupekuana migongo.

Mnyama ambaye hasa angetufaa kwa kulinganisha hatumtazami sana, kwa kuwa yuko kila mahali. Swala pala wa Ol Pejeta na Solio husafishana kwa hesabu kamili. Wawili husimama wakielekeana. Mmoja humchana mwenzake shingoni mara kadhaa kwa meno ya chini, anaacha, anangoja. Mwenzake naye hurudisha, karibu idadi ile ile. Anaanza tena wa kwanza. Benjamin na Lynette Hart waliandika mwaka 1992 kwamba zamu hizo hulingana karibu sawasawa, na kwamba undugu na cheo, mambo yanayotawala kila kitu kwa nyani, hayakuwa na uzito kwa swala pala. Kupe hukaa kichwani na shingoni, mahali ambapo swala hawezi kujichana mwenyewe, na asiyerudisha zamu huachwa amesimama. Si mapenzi wala unafiki. Ni malipo ya papo kwa papo.

Kwa hiyo kabla hata hujatoka nje ya eneo la mlima, umeshaona wanyama wanaofanya kitendo kinachofanana kwa sababu zisizofanana kabisa. Basi simbilisi naye apewe sababu zake.

Anza na vifaa alivyo navyo. Ana vidole vinne katika kila mguu wa mbele na vitatu katika kila mguu wa nyuma, vifupi, visivyoweza kuokota kitu. Meno yake ya mbele hayaachi kukua maisha yake yote, kwa kuwa yameumbwa kukata nyasi kutwa. Mwenye vifaa hivyo hawezi kupekua. Anaweza kulamba, kumgugunaguguna mwenzake, na kukata. Usafi wa kila siku anajifanyia mwenyewe: hukaa kitako, hujilamba ubavuni, hujikuna kwa kucha za nyuma, na mara kwa mara jicho lake hutoa majimaji meupe ambayo huyachota kwa miguu ya mbele na kujipaka usoni. Wafugaji wengi wapya huyaona wakadhani mnyama anapofuka. Yakitoka kidogo, yakapakwa, yakaisha, ndiyo anayonawia. Yakiganda pembeni na jicho likabaki limefumba, hapo ni ugonjwa, na mara nyingi ni shina la nyasi lililomchoma.

Ulimi wa kweli kati ya simbilisi na simbilisi utauona kwa mama. Mimba yake ni ndefu kwa mnyama mdogo hivyo, siku 59 hadi 72, ilhali ya sungura ni siku 31 tu. Matokeo yake ni watoto, kwa kawaida wawili hadi wanne, wanaozaliwa wakiwa na manyoya, macho wazi na meno, na ambao siku moja au mbili baadaye wanaguguna majani pamoja na wakubwa. Mtoto wa sungura kwa wakati huo bado ni kipofu na hana nywele. Pamoja na ukomavu huo, simbilisi mchanga bado anamhitaji mama amlambe chini ya mkia ili aweze kukojoa na kujisaidia, na mama hufanya kazi hiyo kwa bidii. Majike wawili wanaonyonyesha pamoja hawabagui; watoto hunyonya popote. Watoto wanapokua, kulambwa huko hupungua, na anayesubiri kuona wazima wakiendelea kutunzana namna hiyo atasubiri sana.

Kati ya wazima kulambana kupo, lakini ni kwa muda mfupi: sikio, kona ya jicho, mara mbili tatu, basi. Cha kushangaza ni kwamba hata hicho kidogo ni kingi. Mwaka 1999 Christine Künzl na Norbert Sachser, huko Ujerumani, walilinganisha simbilisi wa kufugwa na jamaa zao wa mwituni wa Amerika Kusini. Wa kufugwa hawakuwa wagomvi wala wepesi wa kustuka kama wa mwituni, walitongozana kwa kelele zaidi, na walisafishana zaidi kuliko wao. Mnyama huyu amefugwa milimani Andes kwa maelfu ya miaka, kwanza kwa ajili ya nyama, akiishi sakafuni jikoni miguuni mwa watu. Hadi leo anaishi hivyo katika nyumba nyingi za Kivu, mashariki mwa Kongo, ambako ni kitoweo na akiba ya fedha ndogondogo. Jikoni hakuna nafasi ya magomvi. Aliyeshindwa kuvumilia wenzake aliishia chunguni mapema, ndivyo ninavyoamini mimi, na wanaolambana leo ni uzao wa waliovumilia.

Uvumilivu huo hauonekani zaidi katika ulimi. Unaonekana katika umbali. Watazame simbilisi wawili waliozoeana wakati wa mchana, wameshiba. Mara nyingi hawakulaliana. Kila mmoja ana nafasi yake, kiganja kimoja au viwili kati yao, wameelekea upande mmoja, na mmoja akisimama kwenda kunywa maji mwingine humfuata baadaye kidogo, akitoa sauti ya chini isiyokoma ya kuulizia alipo. Hapo ndipo urafiki wao ulipo. Mwenye macho ya nyani huwatazama akasema hawajali, kumbe wamekaa pamoja muda wote huo kwa hiari.

Sachser huyo huyo na wenzake walilipima jambo hili mwaka 1998 kwa njia ambayo haikuhitaji kuamini macho. Walimweka dume katika kizimba kigeni, wakapima homoni ya msukosuko katika damu yake. Akiwa peke yake ilipanda sana. Akiwekewa jike asiyemjua, ilipanda vilevile. Akiwekewa jike anayemfahamu tu kwa kuonana, bado ilipanda. Akiwekewa jike wake mwenyewe, yule waliyezoeana kikweli, ilipanda kidogo tu. Kuwa na simbilisi mwingine kibandani hakutoshi. Anahitajika mwenzake halisi. Uswisi ililiingiza jambo hili katika kanuni zake za ustawi wa wanyama mwaka 2008: simbilisi hafugwi peke yake. Huku kwetu hakuna askari atakayekuja kugonga mlango Skuta au King'ong'o kukagua kibanda, lakini mnyama ni yule yule.

Turudi kwenye kipara. Kutafuna nywele za mwenzake ni tabia inayotumia meno yale yale na mkao ule ule wa kusafisha, na ndiyo maana inatudanganya. Mkubwa wa kibanda humkata mdogo. Watoto humtafuna mama mgongoni wanapochoka kungoja kunyonya. Mwenye upweke hujikata mwenyewe, ila yeye humaliza ubavu na mgongo wa nyuma, kichwa na shingo vikabaki na manyoya yake yote.

Njia ya kutofautisha ni moja, na ni rahisi kuliko inavyodhaniwa: mtazame anayefanyiwa, si anayefanya. Anayelambwa kwa amani huendelea kutafuna majani yake, au hutulia na kuinamisha kichwa, na baada ya sekunde chache mambo yamekwisha bila mtu kukimbia. Anayekatwa hujikunyata, hugeuza ubavu, hulia sauti nyembamba, huhamia pembeni akafuatwa. Jike aliyechoka kabisa atamrushia mfuasi wake mkojo, tena kwa shabaha. Zaidi ya hapo kuna lugha nyingine ya cheo ambayo haihusu manyoya hata kidogo. Wawili husimama wakielekeana na kuinua pua juu. Anayeshusha kwanza ameshindwa. Dume hutikisa makalio akitembea polepole na kutoa ngurumo ya chini. Meno yakigonganishwa haraka haraka, tkatkatkatka, hilo ni onyo la mwisho, na mkono wa mtoto usipitishwe katikati wakati huo.

Sababu ya kukatana nywele mara nyingi iko kwenye chakula, na hapa wafugaji wa Nyeri na Karatina wana kosa lao la pekee, linalotokana na wingi. Soko linatupa mabaki mazuri: majani ya karoti, maganda ya kabeji, sukuma wiki iliyonyauka kidogo. Simbilisi huyamaliza kwa dakika chache. Mdomo ulioumbwa kutafuna kutwa unabaki bila kazi, na kilicho karibu ni shingo ya mwenzake. Dawa yake ni nyasi kavu, nyingi, zisizokatika usiku na mchana. Katika kaunti ya ng'ombe wa maziwa hili si tatizo: robota moja la nyasi za boma Rhodes analomnunulia jirani ng'ombe wake litawatosha simbilisi wawili kwa muda mrefu, mradi halina ukungu. Nyasi za kikuyu zinazojiotea kando ya kila njia ni nzuri pia, zisivunwe tu karibu na barabara wala kwenye shamba lililopigwa dawa. Nafasi nayo ni sehemu ya chakula. Kibanda chenye pango moja na bakuli moja huzalisha bosi mmoja. Ongeza pango la pili lenye milango miwili na bakuli la pili upande wa mbali, na mara nyingi meno hupungua yenyewe.

Kuna jambo moja zaidi la chakula ambalo hujificha ndani ya tabia. Simbilisi, kama binadamu na nyani, hatengenezi vitamini C mwilini. Sungura anatengeneza, na kwa hiyo chakula cha sungura cha magunia hakiwekwi vitamini hiyo. Mwenye simbilisi anayelishwa chembe za sungura pekee huanza kuona manyoya yamesimama ovyo na mnyama hataki kuguswa. Mwenzake akimsogelea anagonganisha meno. Mfugaji anasema wamegombana. Hawakugombana; viungo vinamuuma. Sukuma wiki mbichi kila siku na kipande cha pilipili hoho hurekebisha mengi ikiwa mambo hayajafika mbali, na kwa bei ya sukuma huku mlimani hakuna sababu ya kunyimana.

Na sungura mwenyewe? Swali hili huulizwa sana, kwa kuwa kibanda kipo, sungura yumo, na simbilisi amekuja mmoja. Si wawekwe pamoja tu? Hapana, na sababu ya kwanza ni hili hili la kusafishana. Sungura ni msafishaji hodari. Huinamisha kichwa mbele ya mwenzake akidai alambwe paji na masikio, na mwenye cheo hudai zaidi kuliko anavyotoa. Simbilisi haijui lugha hiyo. Anaona kichwa kimeshushwa mbele yake, hafanyi lolote. Sungura anangoja, anasukuma kwa pua, kisha anapanda juu au anapiga teke, na teke la sungura linaweza kumvunja simbilisi uti wa mgongo. Hata wale wanaoonekana kuelewana, ukiwatazama vizuri utaona simbilisi ameganda chini ya sungura anayemlamba, hana njia ya kutoka. Juu ya hayo sungura hubeba katika pua zake bakteria wa Bordetella bila yeye kuumwa, na bakteria hao humpa simbilisi nimonia inayoua haraka. Julai, baridi ya gathano inaposhuka kutoka mlimani na vibanda vikawa na unyevu, hiyo si hatari ya kucheza nayo.

Si kila kipara ni cha meno, na hapa duka la agroveti linaweza kuingia, ila baada ya daktari wa mifugo na si kabla yake. Utitiri wa simbilisi huchimba ndani ya ngozi na kuwasha vibaya mno. Mnyama hujikuna hadi akatoa damu, ngozi hufanya magamba ya manjano, na waliozidiwa huanguka na kutapatapa wanapoguswa. Choa huanza usoni, puani na pembezoni mwa macho, kwa madoa ya mviringo yenye unga, nacho humpata pia mtoto anayembeba mnyama kifuani. Ukiona duara jekundu kwenye mkono wa mtoto, mchunguze simbilisi pia. Jike mtu mzima anayepoteza nywele mbavu zote mbili kwa usawa, bila kuwashwa, mara nyingi ana uvimbe kwenye ovari. Hakuna hata mmoja kati ya hawa anayesaidiwa kwa kutenganishwa na mwenzake kama adhabu. Na anayetaka kujitibia nyumbani ajue jambo moja: antibayotiki za jamii ya penisilini, pamoja na amoksilini iliyojaa katika makabati ya dawa ya kila nyumba, huua bakteria wazuri wa tumbo la simbilisi, na yeye hufa kwa kuhara siku chache baadaye. Wengi wamepotea hivyo wakitibiwa kwa nia njema.

Bado kuna mkono wa binadamu, ambao kwa simbilisi nao ni ulimi wa aina fulani. Watoto huambiwa wampapase mgongoni, na akitulia kabisa mapajani huambiwa anafurahia. Utulivu wa simbilisi una maana mbili. Mnyama huyu hana pembe, hana kasi ya kutosha, hana kucha za kupigana. Akishikwa na kitu kikubwa, anachojua ni kuganda. Macho yametoka, mwili umekaza, hapumui kwa utaratibu: huyo anangoja kuliwa. Anayefurahia hulegea, hunyoosha miguu ya nyuma, hutoa sauti nzito ya kukoroma polepole. Sauti hiyo hiyo ikiwa fupi na kali, au akirusha kichwa juu kuusukuma mkono, anasema basi, na akisema mara tatu asisikilizwe atauma. Inastahili kufundishwa mtoto siku ya kwanza, hata kabla ya jina kuchaguliwa. Wapo wanaopenda kukunwa nyuma ya masikio na chini ya kidevu, pale pale ambapo wenzao huwagusa, na wasiopenda kuguswa mahali pengine popote. Binafsi naona mtoto anayekaa sakafuni karibu na kibanda akisoma kitabu chake, majani mkononi, amemkaribia simbilisi zaidi kuliko anayembeba kutwa.

Ukiamua kumtafutia mwenza, usiwatupie ndani ya kibanda kimoja jioni ile ile ukaenda kulala. Mgeni akae kwanza peke yake wiki mbili au tatu, ionekane kama ana utitiri au kikohozi. Kisha wakutane mahali ambapo si pa yeyote, sakafu iliyooshwa, nyasi zimerundikwa katikati, mapango ya kutokea pande zote. Ngurumo, kufukuzana, kupandana na kunyanyua pua vitakuwapo, na viache viwe. Kuwatenganisha kila wanapopimana nguvu ni kuwarudisha mwanzo kila siku. Damu ikitoka ndipo waachanishwe, kwa taulo wala si kwa mkono mtupu. Majike wawili huelewana mapema. Jike na dume aliyehasiwa huelewana mapema zaidi. Madume wawili ni suala la malezi: dume aliyekulia katika kundi lenye wakubwa hujifunza kukubali cheo bila vita, na aliyelelewa peke yake, au na jike mmoja tu, hajui kushindwa. Kwa hiyo muulize muuzaji alikulia wapi, na usishangae akikosa jibu.

Na mkague jinsia mwenyewe, au umpelekee anayejua, maana wanaouzwa wakiitwa dada wawili mara nyingi si dada. Jike anaweza kushika mimba akiwa na wiki nne tu, hivyo watoto wa kiume hutolewa kwa mama yao wafikapo wiki tatu. Jike hushika mimba tena saa chache baada ya kuzaa, kwa hiyo dume hutolewa kabla ya siku hiyo, si kesho yake. Aliyechelewa kuzaa mara ya kwanza hadi akapita miezi saba au minane, nyonga zake hukaza na uzazi unaweza kumuua, naye asiwekwe na dume kamwe. Dume aliyehasiwa naye bado ana mbegu kwa wiki kadhaa. Mpe wiki sita kibandani kwake, waya wa kuku uwe kati yake na majike badala ya ukuta wa mbao, ili wote waendelee kunusana na kusikizana hadi siku ya kufungua.